Vibandiko Viwili Kwenye Kioo cha Sauna

Kwa miaka ishirini na tisa Hellevi Turunen ameuza piraka, mikate midogo ya kukunja, kwenye uwanja wa soko wa mji wa Joensuu, meza ya tatu kutoka kwa muuza samaki, na wateja wake wa siku nyingi hawahitaji hata kumwangalia usoni kujua wamefika kwake. Wanaangalia ukingo. Kila mwanamke wa huku anayeoka piraka ana namna yake ya kufinya ule unga mweusi wa nafaka ya rai unapokunjwa juu ya uji wa mchele. Wa Hellevi ni mfinyo mfupi, wa karibukaribu, kama mshono wa fundi asiyetaka nguo ifumuke. Nimeona mzee mmoja akiishika piraka, akaigeuza, akasema, "Hii siyo yako," na kweli haikuwa yake. Nilikuwa nimeifinya mimi.

Mimi naishi chini yake, ghorofa ya kwanza, na binti yangu Vilja. Nilipohamia nilikuwa na mimba kubwa, simjui mtu. Siku ya pili akabisha hodi na sahani ya piraka zilizopasuka, siagi iliyopondwa na yai juu yake. "Zilizopasuka siuzi," akasema. "Ukila wewe nitalala vizuri." Tangu hapo namwita Mama Hellevi, na asubuhi nyingi nakaa jikoni kwake nikimsukumia unga huku mtoto akicheza na vifuniko vya sufuria sakafuni.

Kwa hiyo mikono yake niliiona ikibadilika. Alikuwa na miaka hamsini na tisa ilipoanza. Akiamka, vidole vimevimba na kukakamaa, pete ya ndoa haitoki wala haizunguki. Alikuwa anaiweka mikono chini ya bomba la maji ya moto, anangoja. Zamani alingoja dakika mbili tatu. Mwaka jana nilikuwa naweza kusukuma vipande ishirini vya unga kabla hajafinya cha kwanza.

Daktari alimpiga picha, akamtoa damu. Akamwambia baridi yabisi siyo. Viungo vimechakaa kidogo, kama vya mtu wa umri wake, na kile kipimo cha damu kinachoonyesha kuna kitu kinawaka mwilini kimepanda, lakini si sana.

"Kidogo, si sana," Mama Hellevi aliniambia aliporudi. "Ndiyo jibu nililopewa. Sasa mteja akija, nikamuuliza anataka piraka ngapi, akaniambia kidogo si sana, mimi nitamfungia nini?"

Aliyemwingiza kwenye utafiti ni Irja Hyvärinen wa mlango wa pili wa jengo letu, dereva mstaafu wa basi la shule, mwanamke wa maneno mengi katika jengo la watu wa maneno machache. Irja aliona tangazo ukutani kwenye kituo cha afya. Walitafutwa wanawake wenye maumivu ya viungo, ambao hedhi imekoma siku nyingi na ambao wametolewa kizazi kwa upasuaji. Wote wawili walikuwa wametolewa.

"Shoga, mara ya kwanza hii," Irja akasema, "kukosa kitu kumenipatia kitu."

Muuguzi wa utafiti, msichana mpole anayeitwa Taika, aliwaeleza, na Mama Hellevi akaja kunieleza mimi. Masomo yangu ni ya msingi tu, lakini nilielewa hivi. Mwili wa mwanamke una homoni zake za kike, kubwa yao estrojeni. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka sana. Na inaonekana kwamba hiyo homoni, pamoja na kazi zake nyingine, huwa inaituliza kinga ya mwili isiwake ovyo. Ikishuka, kwa baadhi ya wanawake kinga inabaki inawaka chini kwa chini bila kidonda wala homa, na huenda hapo ndipo maumivu ya viungo yanapotokea. Huenda. Taika alilisema hilo neno mara nyingi. Ndiyo sababu ya kufanya utafiti, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika.

Walipewa vibandiko vidogo, vyeupe, ukubwa wa stempu, vya kubandika kwenye nyonga na kubadilisha mara mbili kwa wiki. Nusu ya wanawake walipewa vyenye homoni, nusu vitupu. Kwa macho havina tofauti, na hata Taika hakujua nani kapewa nini. Kila kibandiko wakiandike siku waliyokibandika, kwa kalamu ya wino usiofutika, na vilivyotumika vyote wavirudishe ndani ya mfuko.

Mama Hellevi alipangiwa Jumatatu na Alhamisi. Irja, Jumanne na Ijumaa.

Ikabaki sauna, chumba chetu cha kuoga mvuke wa moto. Kumwambia mwanamke wa Joensuu asiingie sauna mwaka mzima ni kumwambia asinawe uso, na Taika mwenyewe ni mtu wa hapa, hakujaribu. Akawaambia joto linaweza kukibandua kibandiko au kukifanya kitoe dawa haraka kuliko inavyotakiwa. Wakitaka wakivue wanapoingia, wakirudishe ngozi ikishakauka.

Zamu ya wanawake kwenye sauna iliyo chini ya jengo letu ni Jumamosi alasiri. Tulikuwa tunashuka sote, wao wawili, mimi na Vilja, wakati mwingine na wengine. Mama Hellevi na Irja walikuwa wanavua nguo, wanavua na vibandiko, wanavishika kwa pembe na kuvibandika kwenye kioo cha chumba cha kubadilishia nguo. Cha Hellevi kushoto, cha Irja kulia. Halafu wanaingia kwenye joto, wanamwagia maji mawe ya moto ili mvuke upande na kumsema meneja wa jengo. Mimi na mtoto hatukai sana. Tunatoka mapema, nakaa kwenye benchi namvalisha soksi. Ndiyo maana niliona.

Walivianza mwanzoni mwa Oktoba. Mpaka Krismasi hakuna kilichobadilika. Kisha Januari, asubuhi moja, nilikuwa nimesukuma vipande vinne tu, nikageuka, nikamkuta ameshaanza kufinya.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Utavitisha."

Vidole vilikuwa vimelegea. Wiki iliyofuata pete ilizunguka. Alikuwa hatoi jasho tena usiku, alikuwa anacheka peke yake jikoni. Irja, ambaye viungo vilimnyima usingizi, yeye hakupata nafuu yoyote, na jambo hilo lilimchoma.

"Umepewa dawa wewe, mimi nimepewa plasta," akasema kwenye sauna. "Miaka thelathini naendesha watoto wa watu salama, leo serikali inanibandika karatasi matakoni."

"Watu wa utafiti siyo serikali."

"Matako ni yaleyale."

Mwanzoni mwa Februari, nikiwa kwenye benchi, nilimwona Mama Hellevi akitoka, amejifunga taulo, mwekundu kwa joto, akakibandua kibandiko cha upande wa kulia, akajibandika. Nilishika soksi ya mtoto nikasita. Kulia kwa nani? Kulia kwangu mimi niliyekaa nyuma, au kulia nilikokuwa nakuona ndani ya kioo? Nikajaribu kuwakumbuka wakivibandika, nikashindwa. Kioo chenyewe kilikuwa na mvuke. Nikajiambia wao ni watu wazima, wanajua vyao. Jumamosi nyingine Irja ndiye aliyetangulia kutoka, akachukua kilichokuwa karibu na mkono wake huku anaongea. Miwani hawashuki nayo sauna, inaingia ukungu. Niliona hivyo mara tatu, au nadhani nilikuwa naona. Sikusema.

Mwisho wa Machi ikaja fomu ya soko. Soko la nje linaanza tarehe mosi Mei, na msimamizi, Bwana Pakarinen, anataka kujua mapema nani anachukua meza yake na nani anaacha. Mwaka uliopita Mama Hellevi alikuwa amenong'ona kwamba msimu ule ungekuwa wa mwisho. Sasa alikaa mezani, miwani usoni, kalamu mkononi, furaha yote imemjaa. Ilikuwa Jumatatu. Akakumbuka kubadilisha kibandiko kabla hajasahau. Akasimama, akakibandua palepale jikoni, akakiangalia.

Kilikuwa kimeandikwa Ijumaa, kwa mwandiko wa Irja.

Akakaa. Akanionyesha. Mimi nilikuwa nimeshalishuku jambo hilo kitambo.

"Mwite Irja," akasema.

Irja alikuja na ndara. Mama Hellevi alikuwa ameshamwaga mfuko wa vibandiko vilivyotumika juu ya karatasi ya kuokea, anavipanga. Vile vya Jumatatu vilikuwa vizuri, vyote vya kwake. Tatizo lilikuwa kwenye hivi vingine, vilivyopitia Jumamosi ya sauna. Sita viliandikwa Alhamisi. Vitano viliandikwa Ijumaa. Vilivyobaki, hata huo wino usiofutika umefifia kwa jasho na sabuni, hata ukiviinua dirishani husomi kitu.

"Leta wako," Mama Hellevi akasema.

"Mfuko wangu?" Irja akatazama sakafuni. "Mimi huwa natupa."

"Ulisaini kwamba utarudisha."

"Nilidhani wanataka kujaza pipa lao."

Mama Hellevi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi angalau wiki tano, kuanzia Jumamosi mpaka Jumatatu, nilikuwa navaa chako."

"Na mimi nikavaa chako mpaka Jumanne." Irja akavuta kiti. Uso wake ulianza kung'aa. "Ngoja. Kwa hiyo labda mwenye dawa ni mimi. Wewe umepona kwa dawa yangu."

"Kwa siku mbili kwa wiki?"

"Labda siku mbili zinakutosha. Wewe mwili wako mdogo."

"Na wewe mwenye dawa siku zilizobaki, mbona huna nafuu?"

Irja akavinyooshea kidole vibandiko vya mezani. "Kwa sababu unaniharibia na karatasi yako."

"Au dawa ninayo mimi," Mama Hellevi akasema, "na hizo siku mbili nilikuwa naikosa, na bado nikapona."

"Au wote tunayo."

"Au wote hatuna."

Vilja alikuwa anagonga kifuniko cha sufuria. Nilijaribu kuifuata hesabu hiyo, kila nilipofika mwisho naona kuna mlango mwingine. Januari soko la nje limefungwa, anaoka kidogo, huenda mikono ilipumzika tu. Huenda ni kila Jumamosi kukaa kwenye joto. Lakini sauna amekaa maisha yake yote, na vidole viliuma.

"Sikiliza, shoga," Irja akasema taratibu. "Tunabandika upya leo, kila mtu chake. Tunaandika majina makubwa. Hatumwambii mtu. Ukimwambia Taika watatunyang'anya, na wewe una fomu hapo."

Mama Hellevi alikuwa anaiangalia fomu. Kisha akaniangalia mimi.

"Mwanangu, wewe huwa unakaa pale kwenye benchi. Uliona kitu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilimwinua Vilja nikampakata kwanza.

"Niliona mara tatu," nikasema. "Tangu Februari. Sikuwa na uhakika. Kioo kilinichanganya."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unacheka jikoni, Mama. Niliogopa kuuliza."

Alivirudisha vibandiko kwenye mfuko kimojakimoja, kwa vile vidole vilivyokuwa vinakunja vizuri. Siku mbili hakuniita kusukuma unga. Siku ya tatu akabisha hodi, kofia ya sufu kichwani.

"Nakwenda kwa Taika. Utanisindikiza? Irja amekataa. Anasema mimi ni mjinga."

Njiani, kwenye theluji iliyooza ya Aprili, nilisukuma kigari cha mtoto, naye akaongea zaidi ya kawaida yake. "Nililala nikafikiria kunyamaza," akasema. "Lakini wataandika kwamba mwanamke fulani wa Joensuu vidole vimefunguka. Mwingine huko Turku atabandika homoni kwa sababu yangu. Na mimi sijui nilivaa nini."

"Wapo wanawake wengi kwenye utafiti, Mama. Wewe ni mmoja tu."

"Kila mmoja akisema hivyo, Taika atabaki na mfuko wa vibandiko."

Taika alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwenye kioo?" Mama Hellevi akasema ndiyo. Akaandika. Akauliza tena, "Vyote viwili kwenye kioo kimoja?" Niliona anaubana mdomo asicheke, au asilie, sikujua. Akaomba radhi, akatoka kumpigia daktari wa utafiti, akarudi baada ya dakika kumi, uso umetulia.

Walikuwa wameamua. Vibandiko visimame, vyake na vya Irja. Wakipenda waendelee kuja kutolewa damu, itasaidia hata hivyo. Na nani alikuwa na nini hawezi kusema, kwa sababu mwenyewe hajui, orodha imefungwa mpaka mwakani.

"Kipimo changu cha damu kile," Mama Hellevi akauliza. "Cha kuwaka. Kimeshuka?"

Taika akafungua kompyuta. "Oktoba kilikuwa juu kidogo. Januari kimeshuka. Machi," akasita, "kimepanda tena, zaidi ya Oktoba."

"Machi vidole vilikuwa vizuri kuliko vyote."

"Naona. Siwezi kukueleza, mama. Mafua tu yanaweza kukipandisha. Ulikuwa na mafua?"

"Sikumbuki."

"Ukitaka homoni kweli, zungumza na daktari wako wa kawaida. Kwa umri wako inabidi mpime pamoja, ina faida na ina hatari zake. Lakini siyo jambo la kukatazwa."

Mama Hellevi akavaa glavu zake polepole. "Nimwombe nini, binti yangu? Sijui hata kama nilikuwa nacho."

Irja alinuna wiki nzima. Jumamosi akaja sauna, akakaa benchi la juu, akamwagia mawe maji mpaka mimi na mtoto tukakimbia. Kupitia mlangoni nikamsikia akisema, "Juzi nimelala usiku mzima. Mara ya kwanza tangu Oktoba. Na sina kitu nyongani. Hebu niambie hiyo nayo ni nini."

"Sijui," Mama Hellevi akasema.

"Nilijua utasema hivyo."

Vidole vya Mama Hellevi navyo havikutoa jibu. Asubuhi nne za kwanza vilikunja kama kawaida. Ya tano vikakataa, akasimama bombani nusu saa. Ya sita vikakunja. Nilikuwa namwangalia kila siku nikitafuta sababu, baridi ya nje, alichokula, alivyolala. Nilifikia hata kuandika kwenye kalenda yangu, alama moja kwa siku nzuri na nyingine kwa mbaya. Nikaacha, kwa sababu siku ya kumi sikujua niweke ipi, mkono wa kulia ulikubali na wa kushoto ukakataa.

Fomu ilikuwa bado juu ya friji. Tarehe yake ilikuwa imepita.

Bwana Pakarinen akapiga simu Jumatano, tukiwa katikati ya kazi. Mikono ya Mama Hellevi ilikuwa na unga, nikamshikia simu, spika imewashwa.

"Hellevi. Sijapata karatasi yako."

"Ninayo hapa."

"Kuna mama mmoja wa asali anaitaka meza hiyo. Nimemwambia angoje mpaka nikuulize. Vidole vinasemaje?"

"Leo vimekubali. Jana vilikataa."

"Na kesho?"

Mama Hellevi alikuwa anaiangalia sinia. Kulikuwa na piraka kama thelathini. Zile za mwanzo mfinyo wake ulikuwa ule wa zamani. Za katikati ulikuwa umeachana kidogo. Sita za mwisho nilifinya mimi, na mtu yeyote angejua.

"Ulisema unatumia dawa," Pakarinen akasema. "Nilisikia sokoni inakusaidia."

"Sijui kama ilikuwa dawa."

"Mimi hayo siyaelewi, Hellevi. Nina sehemu mbili hapa za kuweka alama. Anachukua, au anaacha."

"Hakuna ya tatu?"

"Hakuna."

Akaigeuza piraka moja, akaubana tena ukingo uliokuwa umeachia. "Weka kwamba nachukua."

"Nusu msimu au msimu mzima?"

"Mzima. Siku usiyoniona mezani, ujue vimekataa. Mama wa asali akae hapo siku hiyo."

"Hilo halimo kwenye karatasi."

"Liandike pembeni."

Nikasikia kalamu. Akaaga, nikaikata simu na kuifuta unga. Mama Hellevi alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja, anaiangalia kama vitu alivyoachiwa na mtu avitunze.

"Nimesema mzima?"

"Umesema mzima, Mama."

"Kwa nini nimesema mzima?"

Nikamsogezea kipande kingine cha unga nilichokuwa nimekisukuma. Akaweka uji katikati, akakunja upande mmoja, akaanza kufinya. Kidole chake cha shahada kilifika nusu kikakwama. Akakiangalia kidogo, kisha akaendelea na kile cha kati.